Mbeba ngao wa ngazi ya 1 achukue mbinu zipi?

Swali: Tunaanza mchezo mpya wa Pathfinder, ule wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, toleo la kwanza, na mimi nimepewa jukumu la kuwa mlinzi wa kundi. Mhusika wangu ni binadamu, mpiganaji wa ngazi ya 1, ana upanga mrefu na ngao nzito ya chuma. Nguvu 16, wepesi 14, ustahimilivu 14, akili 10, busara 12, haiba 8. Wenzangu ni mchawi, kuhani na mwizi. Kwa kuwa ni binadamu na ni mpiganaji, nina mbinu tatu za kuanzia, yaani uwezo maalumu ambao mchezaji humchagulia mhusika wake. Wenzangu wananishauri nichukue Shield Focus, Dodge na Toughness ili nisipigike. Je, wako sahihi? Ninachotaka ni mtu ambaye wenzake wakisimama nyuma yake wanakuwa salama.

Jibu: Sentensi yako ya mwisho ndiyo niliyoishika, kwa sababu ina jambo ambalo ushauri wa wenzako hauna. Wao wanakupa mbinu za kumlinda mtu mmoja, nawe ndiye mtu huyo. Wewe unataka kuwalinda wao. Hizo ni kazi mbili, na katika ngazi ya 1 mbinu tatu hazitoshi kuzifanya zote. Ushauri wangu ni huu: chukua Combat Reflexes, Bodyguard na Saving Shield. Zile ulizotajiwa si mbovu, na mojawapo utaichukua baadaye, lakini zinaweza kusubiri.

Kwanza, suala la vitabu. Combat Reflexes imo katika kitabu cha msingi cha mwaka 2009. Bodyguard na Saving Shield zimo katika Advanced Player's Guide ya mwaka 2010, kwa hiyo muulize msimamizi wa mchezo kama anakiruhusu. Akikataa, nimekuwekea njia nyingine huko chini. Na ukikutana na maelezo kwamba ngao lazima uiinue kila zamu ndipo ikukinge, ujue hayo ni ya toleo la pili, la mwaka 2019. Kwenye toleo lenu, ngao ikishakuwa mkononi inakukinga muda wote.

Sasa tuangalie namba zako, maana ndizo zinazoonyesha tatizo liko wapi. Ukivaa deraya ya magamba, ambayo dhahabu ya kuanzia ya mpiganaji kwa kawaida inaimudu, kinga yako, yaani namba ambayo dadu la adui pamoja na nyongeza yake lazima liifikie ili akupate, ni 10 ya kila mtu, 5 ya deraya, 2 ya ngao na 2 ya wepesi. Jumla 19. Mchukue orki wa kawaida, adui ambaye makundi mengi hukutana naye mapema. Anashambulia kwa nyongeza ya 5, kwa hiyo ili akupate ni lazima dadu la pande 20 lionyeshe 14 au zaidi. Hiyo ni asilimia 35. Mgeukie mchawi wenu. Hana deraya. Tukimpa wepesi wa 14 kama wako, kinga yake ni 12, na orki yuleyule anampata kwa 7 au zaidi, yaani asilimia 70. Pigo la orki ni dadu mbili za pande 4 na kuongeza 4, wastani wake 9. Mchawi wa ngazi ya 1 mara nyingi ana pointi 7 au 8 za uhai. Pigo moja tu la wastani na yuko chini.

Jiweke basi upande wa orki. Mbele yako amesimama mtu aliyefunikwa na chuma, na hatua chache pembeni yupo mwingine wa joho jepesi ambaye midomo inamcheza kwa kunuiza. Utamwendea nani? Katika Pathfinder hakuna kanuni ya jumla inayomlazimisha adui akupige wewe. Waliozoea michezo ya kompyuta hudhani ipo, kwa sababu kule mlinzi hubonyeza kitufe na maadui wote wakamgeukia. Hapa adui anaendeshwa na mtu mwenye akili zake, naye akishaona hupigiki, atakuzunguka. Kwa hiyo kila pointi ya kinga unayojiongezea peke yako inampa adui sababu moja zaidi ya kumtafuta mwenzako.

Ziangalie mbinu za wenzako kwa jicho hilo. Shield Focus inakupandisha hadi 20, na Dodge hadi 21. Orki anashuka kutoka asilimia 35 hadi 25, na hilo ni punguzo la kweli: katika kila mapigo 7 ambayo yangekupata, 2 yanakukosa. Lakini ile asilimia 70 ya mchawi haijaguswa hata kidogo. Toughness nayo inakupa pointi 3 za uhai. Una 10 za mpiganaji, 2 za ustahimilivu, na ukiiweka kwenye uhai ile pointi moja ya ziada ambayo mchezaji huichagua kila ngazi, unafika 13. Pigo la orki ambalo halikuzidishwa haliwezi kuvuka 12, kwa hiyo moja tayari unalistahimili. Mawili ya wastani ni 18. Ukiwa na 13 unaanguka, na ukiwa na 16 unaanguka vilevile. Toughness hukua kadiri unavyopanda ngazi, na kuna wahusika ambao ningewachukulia bila kusita, lakini kwa huyu wako, siku ya kwanza, haibadilishi matokeo.

Tuje kwenye nilizokupendekezea.

Kila mtu mwenye silaha mkononi ana pigo moja la fursa katika raundi. Adui akitoka kwenye mraba wa ramani ya mchezo ambao upanga wako unaufikia, bila kujihadhari, unampiga papo hapo hata kama si zamu yako. Kuingia tu kwenye mraba huo hakukupi kitu, na adui anayesogea hatua ya futi 5 peke yake hakupi kitu pia. Combat Reflexes inakuongezea mapigo hayo kwa kadiri ya nyongeza ya wepesi wako. Wepesi wa 14 una nyongeza ya 2, kwa hiyo unakuwa na mapigo matatu kila raundi. Tena unaweza kuyatumia hata kabla zamu yako ya kwanza haijafika, wakati wengine bado wameduwaa. Adui mmoja akikatiza miraba yako mitatu katika raundi moja bado anakupa fursa moja tu, kwa hiyo mbinu hii inang'aa pale wanapokujia wengi. Goblini wa kawaida ana pointi 6 za uhai, na upanga wako unatoa dadu la pande 8 na kuongeza 3. Goblini watatu wakijaribu kukupita kumfuata mchawi, kila mmoja wao anapita chini ya upanga wako.

Hilo pekee lingetosha kuipa nafasi. Ila mimi naipenda zaidi kwa sababu yale mapigo matatu ni akiba, na Bodyguard ndiyo inayoitumia akiba hiyo kwa faida ya wenzako.

Bodyguard inafanya kazi hivi. Mwenzako aliye kwenye mraba unaopakana na wako akishambuliwa, unaweza kutumia pigo moja la fursa kumsaidia badala ya kumpiga adui. Unarusha dadu la kushambulia dhidi ya kinga ya 10 tu, na ukifaulu, mwenzako anaongezewa 2 kwenye kinga yake. Nyongeza yako ya kushambulia ni 4, moja ya upiganaji na 3 za nguvu, kwa hiyo unahitaji 6 au zaidi. Asilimia 75. Kwa kuwa una mapigo matatu, unaweza kumsaidia mwenzako mmoja mara tatu katika raundi, au kuwagawia watatu.

Mbili zinaonekana kidogo mpaka uziweke kwenye ramani. Mchawi wa kinga 12 anatoka asilimia 70 ya kupigwa hadi 60. Akiwa amejinuizia deraya ya kichawi, ile inayompa 4 kwa saa nzima katika ngazi ya 1, anaanzia 50 na kushuka hadi 40. Ukihesabu kwamba mchawi wenu anaweza kuanguka kwa pigo moja, kila asilimia 10 unayoipunguza ni nafasi ya kunuiza uganga mmoja zaidi, na katika ngazi hiyo uganga mmoja wa usingizi unaweza kumaliza pambano zima.

Sasa masharti, maana hapa ndipo wengi hukwama katikati ya pambano. La kwanza ni kupakana: pakiwa na hata mraba mmoja kati yako na mwenzako, Bodyguard haipo. La pili limo katika kanuni ya kumsaidia mwenzako vitani, ambayo inataka uwe mahali unapoweza kumpiga yule adui anayemshambulia. Wapo wasimamizi wanaolitazama sharti hili kwa ulegevu kwa sababu maelezo ya mbinu yenyewe hayalirudii, na wapo wanaolishika barabara. Mimi naliona lipo, na nakushauri upange mchezo wako kana kwamba lipo. Lakini usiliache hewani. Mwulize msimamizi kabla hamjaanza, na mkubaliane pia kwamba unatamka kutumia mbinu kabla dadu la adui halijatua. Mabishano ya aina hii yakizuka mchawi akiwa amelala chini, huharibu jioni nzima.

Chora ukumbi wa futi 10 kwa upana, yaani miraba miwili, kwa sababu makundi mengi hupigana mapambano yao ya mwanzo kwenye kumbi kama huu. Wewe uko mbele kushoto. Mwizi yuko mbele kulia. Nyuma yako yuko mchawi, na nyuma ya mwizi yuko kuhani. Tazama: mwizi anapakana nawe ubavuni, mchawi mgongoni, na kuhani kwa pembe. Wote watatu wako chini ya ngao yako bila mtu kuhangaika. Orki wawili wakija, mmoja anasimama mbele yako na mwingine mbele ya mwizi. Huyo wa pili yuko kwenye pembe yako, na upanga wako unamfikia. Akimpiga mwizi, unaingilia.

Ongeza orki wa tatu, safu ya pili, mwenye mkuki mrefu unaofika futi 10. Anamchoma mwizi juu ya bega la mwenzake. Upanga wako haumfikii, kwa hiyo kwa usomaji wa kubana Bodyguard haikusaidii. Au goblini yuko mwisho wa ukumbi na upinde, anamlenga mchawi. Hapo napo mkono wako mtupu.

Pengo hilo ndilo Saving Shield inaloliziba. Mwenzako anayepakana nawe akishambuliwa, unampa 2 za kinga ya ngao kama tendo la papo hapo. Hurushi dadu lolote. Haijalishi adui yuko karibu au mbali, ana upanga au ana mshale. Kinachotakiwa ni uwe umeshika ngao, iwe nyepesi, nzito au ile kubwa inayofunika mwili. Ubaya wake ni kwamba tendo la papo hapo ni moja tu kwa raundi, na huwezi kulitumia ukiwa bado umeduwaa kabla ya zamu yako ya kwanza. Kwa hiyo mbinu hizi mbili zinakamilishana: ile ya kwanza ina mapigo matatu lakini inabanwa na umbali, hii ina nafasi moja lakini inafika kokote.

Zikutane sasa kwenye shambulio moja. Mchawi aliyejinuizia deraya ya kichawi ana 16. Bodyguard ikifaulu anafika 18. Saving Shield inamfikisha 20. Kwa pigo hilo moja, mtu wa joho ni mgumu kupigwa kuliko wewe uliyejifunika chuma, na orki aliyekuwa na asilimia 50 amebaki na 30. Hakuna mchanganyiko mwingine wa mbinu za ngazi ya 1 ambao ningeupendelea kwa mhusika wa aina yako.

Kuna kanuni moja usiisahau. Kinga ya ngao haijumlishwi na kinga nyingine ya ngao, bali ile kubwa ndiyo huhesabiwa. Kuhani wenu akiwa na ngao nzito yake mwenyewe, Saving Shield haimwongezei kitu, na kwake utategemea Bodyguard peke yake. Mchawi naye akijinuizia uganga wa ngao, unaompa 4 za aina hiyohiyo, zako 2 zinamezwa. Kaa naye mwelewane: akiwa kando yako, uganga ule autunzie siku mtakayotenganishwa. Na kwa jumla, zungumza na wenzako kuhusu mahali pa kusimama kabla ya pambano la kwanza. Mbinu zako mbili kati ya tatu hufa mara mtu anapokwenda mraba mmoja mbali, na mwizi ndiye atakayekusumbua, kwa sababu kazi yake ni kuwazunguka maadui kwa nyuma. Mwache aende, huyo usimfungie kamba. Wako wa kumshika ni mchawi, halafu kuhani.

Huenda utasoma kuhusu In Harm's Way na moyo ukadunda. Inataka uwe na Bodyguard, na inakuruhusu kulipokea wewe pigo ambalo limeshampata mwenzako. Ni mbinu nzuri na ina ushujaa ndani yake. Lakini nayo ni tendo la papo hapo, kwa hiyo raundi uliyotumia Saving Shield hutaweza kuitumia. Zaidi ya hapo, unalipokea pigo lote, bila ile kinga yako ya 19 kuhesabiwa, na ukiwa na pointi 13 za uhai utafanya hivyo mara moja, pengine mbili, kisha kundi limebaki bila ukuta. Isubirie ngazi ya 4.

Stand Still ni swali gumu zaidi, na kuna wachezaji wazuri ambao wangeiweka mahali pa Bodyguard. Adui anayejaribu kupita kwenye miraba inayopakana nawe, badala ya kumpiga kwa pigo la fursa, unarusha dadu la hila za mapambano, na ukifaulu anasimama pale alipo kwa muda wote uliobaki wa zamu yake. Hiyo ndiyo kazi ya mlinzi hasa. Kwa nini basi isiwe sasa? Kwa sababu ya pointi za uhai za maadui wa mwanzo. Orki ana kinga ya 13 na pointi 6 za uhai. Kumpiga unahitaji 9 au zaidi, asilimia 60, na pigo lako la wastani ni 7 na nusu. Kumsimamisha unapambana na 14, kinga yake dhidi ya hila, yaani unahitaji 10 au zaidi, asilimia 55. Katika ngazi ya 1 kumpiga kunamsimamisha vizuri kuliko kumsimamisha, ingawa orki ana ukaidi wa kuendelea kupigana kwa kujikongoja baada ya kushuka chini ya sufuri. Mambo hugeuka mkianza kukutana na zimwi la pointi 30. Hapo pigo lako moja halilizuii, lakini Stand Still yaweza: ukiwa ngazi ya 4 una nyongeza ya 7 dhidi ya 18 lake, asilimia 50. Kumbuka tu kwamba zimwi lina mkono wa futi 10, na likipita mbali na miraba inayopakana nawe, hulishiki.

Kama msimamizi wako hataki kingine zaidi ya kitabu cha msingi, basi hapo Stand Still inapanda daraja. Chukua Combat Reflexes, Stand Still na Step Up. Hii ya mwisho inaziba ule mwanya niliokutajia: adui anapojivuta hatua ya futi 5 ili akuepuke bila kupigwa, nawe unasogea naye palepale. Dhidi ya wachawi wa upande wa pili ni kero kubwa kwao. Ila usiiongeze kwenye mpango wangu wa kwanza, kwa sababu nayo inakula tendo la papo hapo, na tayari Saving Shield inalihitaji.

Ngao kama silaha niiseme kwa ufupi. Kupiga kwa ngao kunavutia, na huko juu kuna Shield Slam inayowasukuma maadui nyuma. Lakini njia hiyo inadai Improved Shield Bash, kisha Two-Weapon Fighting inayotaka wepesi wa 15, na Shield Slam yenyewe haifunguki kabla ya ngazi ya 6. Una 14. Huo ni mhusika mwingine, anayejengwa tangu namba zake za awali. Na ile ngao kubwa ya kufunika mwili, yenye kinga ya 4, inakupunguzia 2 kwenye kila shambulio. Punguzo hilo linagusa upanga wako na linagusa dadu lako la Bodyguard. Baki na ngao nzito.

Udhaifu wako halisi hauko kwenye kinga kabisa, uko kwenye nia, yaani kuhimili uganga unaoshika akili. Mpiganaji hana nyongeza ya kujinusuru kwa nia katika ngazi ya 1, na busara ya 12 inakupa 1 tu. Adui akikunuizia usingizi wenye ugumu wa 14, unahitaji 13 au zaidi, asilimia 40. Mlinzi akilala, wote walio nyuma yake wako wazi, na hakuna ngao ya kuzuia hilo. Iron Will inakuongezea 2. Sikuiweka kwenye tatu za mwanzo kwa sababu maadui wengi wa ngazi ya 1 hupiga kwa chuma na meno, lakini kama msimamizi amewadokeza kwamba mnaanza dhidi ya kundi la wachawi au makuhani wa giza, itoe Saving Shield na uiweke Iron Will mahali pake bila kujuta. Na kama mnatumia zile sifa mbili ndogo za historia ya mhusika, tafuta Indomitable Faith, inayokupa 1 kwenye nia kila wakati.

Kuanzia hapo ningekwenda hivi. Ngazi ya 2, mbinu ya ziada ya mpiganaji, chukua Power Attack. Utashangaa naitaja kwa mlinzi, lakini adui anayejua kwamba kukupa mgongo kutamuuma atafikiri mara mbili, na mapigo yako ya fursa yakiwa mepesi hakuna atakayeyaogopa. Unapunguza 1 kwenye kushambulia na kuongeza 2 kwenye madhara. Usiitumie kila zamu. Ukishaitumia, punguzo hilo linadumu hadi zamu yako inayofuata, na linaingia hata kwenye dadu la Bodyguard, kwa hiyo iwashe pale ambapo wenzako hawajabanwa. Ngazi ya 3 ni Iron Will. Ngazi ya 4 ni Stand Still au Shield Focus, kwa kutegemea maadui mnaokutana nao: wakubwa na wachache, Stand Still, wengi wanaokurundikia mapigo wewe mwenyewe, Shield Focus. Dhahabu ikiruhusu, vaa deraya nzito zaidi bila hofu ya kupoteza mapigo yako matatu. Ukomo wa wepesi unaoandikwa kwenye deraya unapunguza kinga tu, hauigusi Combat Reflexes.

Wakati wa kujaza karatasi ya mhusika, angalia ni mbinu ipi unaiandika kwenye nafasi gani. Mpiganaji akifika ngazi ya 4 anaruhusiwa kuiacha mbinu moja aliyoipata kwa nafasi ya ziada ya upiganaji na kujifunza nyingine, mradi asiache mbinu ambayo ni sharti la mbinu nyingine aliyonayo. Nafasi ya binadamu na ile ya kawaida hazina ruhusa hiyo. Kwa hiyo Combat Reflexes na Bodyguard ziandike kwenye hizo mbili, na Saving Shield kwenye nafasi ya mpiganaji. Mchawi wenu akifika ngazi hiyo atakuwa na uganga wa kutosha kujinuizia ngao yake mwenyewe kila pambano zito, na kama kuhani anabeba ya kwake, Saving Shield utakuwa unaitumia kwa nadra. Iache hapo, uchukue In Harm's Way. Tendo lako la papo hapo litakuwa huru, na pointi zako za uhai zitakuwa zimeanza kutosha kwa kazi hiyo.